Boya Linalozama na Kurudi: Namna Bahari Inavyopimwa

Wazee wetu, walimu na wanafunzi mliofika hapa Kisumu jioni hii, hamjambo.

Mvuvi wa Dunga akitaka kujua kina cha maji, anaweza kufunga jiwe kwenye kamba na kulishusha mpaka kamba ilegee. Wanamaji wa Pwani hukiita kipimo cha namna hiyo bildi. Mwaka 1875 meli ya Uingereza iliyoitwa Challenger ilifanya vivyo hivyo magharibi mwa Pasifiki, kamba ikateremka mita zipatazo 8,184, kazi ndefu ambayo ilipima nukta moja tu ya bahari. Leo sauti, ambayo majini husafiri takriban mita 1,500 kwa sekunde, ingeshuka hapo na mwangwi wake kurudi katika sekunde 11 hivi.

Nimetaja sauti kwa kusudi. Maji ya chumvi humeza mawimbi ya redio, kwa hiyo chombo kilicho kilindini hakiwezi kuzungumza na setilaiti mpaka kipande juu, na hapo ndipo ninapoona ubora wa maboya ya Argo, mpango wa kimataifa wa kupima bahari, yaliyoanza kutupwa baharini mwaka 1999 na ambayo sasa yanakaribia 4,000. Boya hili lina umbo la mtungi mwembamba, wala halina rafadha. Ndani yake mna pampu inayosukuma mafuta hadi kwenye kifuko kilicho nje: ujazo wa boya huongezeka ilhali uzito ni ule ule, nalo hupanda; mafuta yakirudishwa ndani, huzama. Huelea na mkondo kwenye kina cha mita 1,000, kisha hushuka hadi 2,000, na katika kupanda hupima joto, chumvi na shinikizo la maji. Safari hiyo hurudiwa kila baada ya siku 10, na vipimo vyake viko wazi kwa yeyote, hata kwa mwanafunzi wa hapa mwenye simu.

Mtu ataniuliza sisi wa ziwani yatuhusu nini. Mwishoni mwa 2019 Bahari ya Hindi ilikuwa na joto upande wetu wa magharibi kuliko kawaida, huku mashariki yake ikipoa. Kwa sababu ya joto hilo mvua za vuli zikanyesha kwa wingi mno, za masika zikaongezea, na mwaka 2020 ziwa likaingia katika nyumba za ufuoni. Joto lile lilipimika baharini kabla maji hayajafika mlangoni mwa mtu.

Setilaiti nazo hutuma mawimbi ya rada yanayogonga uso wa maji na kurudi, na muda yanaotumia huonyesha kimo cha maji. TOPEX/Poseidon, iliyorushwa Agosti 1992, ilitengenezwa kwa ajili ya bahari. Lakini njia yake ilipita pia juu ya Ziwa Viktoria, ikalisoma vilevile.