Jina Langu Ni Mwanahamisi: Nawajibu Mnaoniuliza Kuhusu Uuguzi Uingereza

Asalaam aleikum jamani, na wale wa hamjambo, hamjambo. Nimetoka shifti ya usiku, sijalala, macho yenyewe mwayaona. Lakini kila nikifungua simu nakuta swali lilelile: "Dada, wagonjwa wa kizungu wakupokeaje? Kizungu chetu hiki cha Mombasa kitatosha? Ulifanyaje mpaka ukazoeana nao kazini?" Wengi wenu ni wanafunzi wa uuguzi, wengine mshapata barua za kazi, na mmoja ni mtoto wa jirani yetu pale Kisauni. Leo najibu.

Kabla sijaanza, najua yatakayosemwa. Nikitaja tabu, nitaambiwa "si urudi basi, kwani umefungwa kamba?" Nikitaja mazuri, nitaambiwa naringa. Sikuketi hapa kuringa, wala sikuketi kulia. Nasimulia yangu mimi, na ya mwenzangu yanaweza kuwa tofauti kabisa. Habari za baridi na bei ya nyumba naziruka, hizo mshazisikia kwa kila mtu.

Jibu langu lote laanzia kwenye jina.

Naitwa Mwanahamisi. Nyanya yangu ndiye aliyenipa jina hili, kwa kuwa nilizaliwa Alhamisi alfajiri. Sasa kwenye karatasi yangu moja, wala sitaji ni ofisi gani iliyoiandika, ile "i" ya mwisho haikuwekwa. Mwanahamis. Miaka yote sikujali, nani anasoma herufi moja? Nilipoanza usajili wa NMC, yaani baraza la wauguzi la Uingereza, ile herufi ikawa ukuta. Pasipoti inasema hivi, karatasi inasema vile. Nikaenda kwa wakili nikala kiapo kwamba hawa watu wawili ni mtu mmoja. Ofisi hii ikanituma ile, ile ikanirudisha hii. Basi la usiku la kwenda Nairobi nimelipanda mara tatu, na kila mara naomba ruhusa kazini na kumlipa mwenzangu anishikie zamu. Miezi minne.

Siku moja dirishani, mama mmoja aliniuliza bila kuinua uso kutoka kwenye karatasi zake: "Kwani wewe ni nani hasa?"

Neno lile lilinichoma. Mimi muuguzi wa miaka tisa. Nimezalisha watoto ambao leo wako shule. Mgomo wa 2017, ule wa miezi mitano, tulikaa bila mshahara na nikauza vitu vya ndani. Halafu nasimama dirishani nithibitishe kwamba mimi ni mimi. Nililia kwenye tuktuk mpaka Mwembe Tayari, dereva akanipa maji ya chupa na hakuniuliza kitu. Mungu amjaze.

Na kuna pesa. Mtihani wa kizungu, IELTS, nilifanya mara mbili, kwa sababu kwenye kuandika walitaka 6.5 na mimi nikapata 6. Kwa hiyo anayeniuliza kama kizungu chetu kitatosha: cha kuongea kilitosha mara ya kwanza. Kuandika ndiko kulikoniangusha. Mimi huko ndiko ningeweka nguvu, sijui wewe.

Basi nikafika. Asubuhi ya kwanza wodini, kiongozi wa shifti akaitazama beji yangu, akasema jina ni refu, "tutakuita Missy." Akachukua kalamu akaandika kwenye ubao: Missy. Nikatabasamu. Mimi mgeni, na kwetu mgeni hukubali anachokaribishwa. Lakini fikirieni: herufi moja imenigharimu miezi minne, na hapa jina zima limekwenda kwa pigo moja la kalamu.

Niliitikia Missy kwa karibu miezi miwili. Kisha mgonjwa mmoja akaruhusiwa, mwanawe akaniachia kadi ya shukrani, maneno mazuri mno, imeandikwa kwa nesi Missy. Nikaipiga picha nimtumie mama. Kidole kikasita. Mama angeniuliza: Missy ni nani?

Sikuituma.

Wakati huo nilikuwa najitayarisha kwa OSCE, ule mtihani wa vitendo. Ni vituo kumi, kila kimoja na kazi yake. Mimi ada ilikuwa pauni 794, ambazo kwa shilingi zetu ni zaidi ya laki moja. Mara ya kwanza mwajiri alinilipia. Nikaanguka kituo kimoja, na kurudia nikalipa mwenyewe, pauni 397. Nilianguka kwa nini? Kugawa dawa. Nimesalimia vizuri, dozi nimehesabu sawa, lakini sikumuuliza mgonjwa jina lake na tarehe ya kuzaliwa nikalinganisha na bangili ya mkononi. Mazoea. Wodi yenye wagonjwa wengi na wauguzi wawili, unawajua kwa vitanda: mama wa kitanda cha kumi, mzee wa sukari, yule binti wa mguu. Silaumu mtu, nimeifanya kazi ile na naijua. Ila siku ile nilijiona: naumia kuitwa Missy, na mimi miaka tisa nawaita watu kitanda cha kumi.

Aliyekuwa akitufundisha ndiye aliyetueleza habari za Kate Granger. Alikuwa daktari wa wazee hukuhuku Yorkshire ninakoishi, akaugua saratani isiyopona. Mwaka 2013, akiwa amelazwa, akaona watu wanaingia chumbani kwake, wanamhudumia, wanatoka, na hawamwambii hata wao ni nani. Akaanzisha kampeni ya kuwataka wahudumu waanze kwa jambo moja: hujambo, jina langu ni fulani. Alifariki 2016, ana miaka 34. Mpaka leo utaona watu hospitalini wamevaa beji zenye maneno yale. Na mwajua, sisi chuoni tulisomeshwa Hildegard Peplau, muuguzi wa Kimarekani aliyeandika mwaka 1952 kwamba muuguzi na mgonjwa wanapokutana mara ya kwanza ni wageni wawili. Nililikariri kwa ajili ya mtihani. Kulielewa, nimelielewa huku.

Kesho yake nikamwendea kiongozi wa shifti. Moyo unadunda, kwa sababu mimi si mtu wa kuvutana. Nikamwambia: jina langu ni Mwanahamisi, na ningependa liandikwe hivyo. Lasomwa kama lilivyoandikwa. Akawa mwekundu, akaomba radhi, akafuta ubao. Wiki nzima alikuwa akikosea na kurudia. Sikumkasirikia. Mtu anayekosea jina lako akijaribu, huyo anakushughulikia. Kuna wenzangu wanapenda majina mafupi na wana raha nayo, ni haki yao, simhukumu mtu.

Sasa mazoea na wagonjwa. Nitawapa mmoja, na nimegeuza mambo madogo asitambulike, kwa sababu siri ya mgonjwa si ya video. Bibi wa miaka 90 na kitu, zamani alikuwa mwalimu, kumbukumbu zinamtoka. Siku mbili amekataa kuogeshwa, anamfukuza kila anayeingia. Mimi mtu wa rika la nyanya yangu siwezi kumwita kwa jina lake hivihivi, mdomo wenyewe wakataa. Nikamuuliza: wapenda nikuite nani? Akanipa jina la marehemu mumewe, kwa heshima yake. Nikavuta kiti nikaketi, macho yetu yakalingana. Nikamwambia langu. Akasema rudia. Nikarudia. Akainua mkono akaanza kulihesabu kwa vidole, kama anavyofundisha darasa: Mwa, na, ha, mi, si. Vidole vitano, mkono ukajaa. Akaniuliza maana yake. Mtoto wa Alhamisi, nikamwambia. Akasema yeye ni wa Jumanne. Kisha akanyoosha mikono juu nimvue gauni.

Jamani, hilo sikulijifunza Uingereza. Kule hospitali ya Makadara, Mombasa, nilipokuwa mwanafunzi, bibi mmoja wa Mji wa Kale alikataa vidonge mpaka umuulize wajukuu, umuulize mguu, umuulize amelalaje. Sista mkuu akaniambia, salamu kwanza, kidonge baadaye. Shikamoo zetu zile, kuketi, kumuuliza mtu habari za kwao, ni utajiri ambao tayari mnao mkononi. Msiuache uwanja wa ndege.

Ila kuna mahali salamu zetu zilinipa shida, na sitaki kuwaficha. Simu ya daktari. Usiku mmoja, saa tisa, mgonjwa pumzi zinaenda mbio. Nikapiga, nikaanza kikwetu: habari za usiku daktari, samahani kwa kukusumbua, natumaini… Akanikatiza: mgonjwa ana nini? Mikono ikanitetemeka. Huku wanatumia SBAR, mambo manne: kinachotokea sasa, historia ya mgonjwa, mimi naonaje, na nataka nini kifanyike. Ilianzia kwenye nyambizi za jeshi la majini la Marekani, ndipo ikaingia hospitalini. Mawili ya mwanzo ni mepesi. La tatu na la nne ndiyo yaliyonisumbua, kwa sababu nilizoea kumaliza na "sijui wewe daktari waonaje." Kumwambia daktari "mimi naona ana maambukizi, naomba uje sasa hivi" nililifanyia mazoezi mbele ya kioo cha bafu. Waliosema nimekuwa mkali siku hizi, na mmoja ni ndugu yangu wa damu, sikuwa mkali. Nilijifunza kumaliza sentensi.

Na je, wote wanapokea vizuri? La. Kuna aliyesema hataki mikono yangu, hadharani. Niliandika ripoti, nikabadilishana wagonjwa na mwenzangu, nikaenda kunywa chai. Yanatokea, na yanauma.

Kadi ile bado ninayo. Mwezi uliopita nilimtumia mama picha hatimaye, na chini yake nikamwandikia kisa chote. Akanipigia, hakusema mengi. Aliniita tu jina langu, mara mbili.

Wewe mtoto wa Kisauni, kabla hujalipa hata shilingi, toa karatasi zako zote leo, zipange kitandani, usome jina lako herufi kwa herufi, cheti cha kuzaliwa mpaka kitambulisho. Ukiona tofauti, anza na hiyo, mengine yatangoja. La kodi na akaunti ya benki nitalijibu nikiamka, maana usiku naingia tena.