Shahada ya Michezo, Mkopo wa HELB na Mshahara wa Kwanza

Mhadhara kwa waliomaliza kidato cha nne na wazazi wao, Kahawa West, Nairobi

Wazazi wangu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana, asanteni kwa kufika. Wengi mmenishika mkono pale mlangoni mkiniuliza: mtoto akisomea elimu ya viungo, atapata kazi? Ni swali la haki, lakini linaacha nusu ya mambo nje. Mimi nataka tuulize hivi: mwezi ambao HELB, yaani Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, wataanza kudai chao, mtoto huyu atakuwa na shilingi ngapi mkononi?

Chukueni kalamu. Mkopo wa HELB wa shahada ya kwanza una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na marejesho huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Tuseme kijana amehitimu akiwa na deni la shilingi 240,000, naye akapanga kulilipa kwa miaka 6. Kila mwezi atatoa kama shilingi 3,750. Riba hiyo ni nafuu, na hakuna benki mjini itakayomkopesha mwanafunzi kwa masharti kama hayo. Kinachouma ni faini. Asiyelipa huongezewa shilingi 5,000 kila mwezi. Hebu tazameni hapo mlipoandika: faini ya mwezi inazidi marejesho ya mwezi. Anayenyamaza mwaka mzima kwa sababu hana kazi anaongeza deni lake kwa shilingi 60,000, na hajanunua hata kalamu. Halafu akiomba kazi, mwajiri anamtaka cheti cha HELB cha kuonyesha anatimiza masharti ya mkopo wake, na jina linaweza kuwa limeshafika CRB, zile ofisi zinazoweka rekodi za wadaiwa. Kwa hiyo ukikosa kazi, waandikie mapema. Usijifiche.

Sasa upande wa mapato. Wazazi wengi hupiga hesabu kwa kumtazama mwalimu wa jirani mwenye miaka 15 kazini, aliyejenga Ruiru na ana gari. Huo si mshahara wa mtoto wako. Tangu sekondari msingi zianze mwaka 2023, wahitimu wengi wa ualimu wameingilia mlango wa unagenzi (kazi ya mafunzo ya muda) wa TSC, yaani Tume ya Kuwaajiri Walimu, ambao umekuwa ukilipa shilingi 20,000 kwa mwezi. Twende nayo kwenye pesilipu. NSSF, akiba ya uzeeni, asilimia 6, ni 1,200. SHIF, bima ya afya, asilimia 2.75, ni 550. Ushuru wa nyumba asilimia 1.5, ni 300. PAYE, yaani kodi ya mapato, hapo haijafika. Zinabaki 17,950. Toa ile 3,750 ya HELB, unabaki na 14,200. Tuseme bedsita ya Githurai ni 7,000. Nusu ya pesa imekwenda, na hujala, hujapanda matatu, hujamtumia mama chochote.

Sisemi haya ili kumkatisha mtu tamaa. Mimi ni mwalimu wa michezo na naipenda kazi hii kwa moyo wote. Ninachosema ni kwamba deni lipimwe kwa mshahara wa mwaka wa kwanza.

Tena kuna jambo ambalo vijana hulipita haraka mno wanapojaza maombi ya vyuo kwa KUCCPS, wanaogawa nafasi za vyuo vikuu. Shahada zinazohusu michezo si moja. Ipo ya ualimu, yaani shahada ya elimu yenye PE (elimu ya viungo) ndani yake. Ipo pia ya sayansi ya mazoezi na michezo. Hapa jirani, Chuo Kikuu cha Kenyatta, kuna idara nzima ya mambo haya. Aliyesoma sayansi ya mazoezi bila ualimu hawezi kusajiliwa na TSC mpaka aongeze diploma ya uzamili ya ualimu, maana yake karo nyingine na muda mwingine. Na hata kwenye ualimu wenyewe, TSC hutaka C+ ya jumla katika KCSE, mtihani wa kidato cha nne, na C+ katika masomo mawili utakayofundisha. Kwa hiyo kabla ya kubofya, shika slipu yako ya matokeo uende kwenye idara, uwaulize: wahitimu wenu wa PE wanasajiliwa kwa masomo gani mawili? Wakikujibu kwa mzunguko, uliza tena. Mimi ningemshauri kijana mwenye Biolojia au Hisabati nzuri aishike pamoja na PE, kwa kuwa mkuu wa shule mwenye nafasi moja tu humwita anayejaza mapengo mawili.

Mtaniambia mtaala umebadilika, na ni kweli. Gredi ya 10 imeanza Januari 2026, na mojawapo ya mikondo mitatu ni ya sanaa na sayansi ya michezo. Atakayeingia chuo mwaka huu atahitimu mwaka 2030, mkondo huo ukiwa umeshafika Gredi ya 12. Hiyo ni nafasi halisi. Lakini matarajio ya serikali yalikuwa kwamba mkondo huo uchukue takriban asilimia 15 tu ya wanafunzi, huku sayansi na teknolojia zikichukua 60. Mlango umefunguka, ila si mpana.

Pesa ya kando ipo, hasa Nairobi. Jumamosi asubuhi pitieni kwenye bwawa lolote la kuogelea la shule za kibinafsi. Mtamwona kijana ameinama ukingoni, kiganja chini ya tumbo la mtoto wa miaka 6 anayejifunza kuelea. Huyo analipwa kwa kipindi, na kinachompa kazi hiyo ni cheti cha uokoaji majini na cha huduma ya kwanza, kabla hata mtu hajaiuliza shahada yake. Vyeti hivyo vipatikane mkiwa bado chuoni, pamoja na leseni ya ukocha ya ngazi ya mwanzo kwa wapenda soka. Likizo za Agosti na Desemba shule zimefungwa, vipindi hukauka, na HELB hawafungi.

Mama mmoja hapa mbele ameuliza: binti yangu anapenda riadha, nimkataze? La, mama, usimkataze. Fungueni pamoja ukurasa wa gharama ya programu, muone sehemu ya ufadhili, sehemu ya mkopo na sehemu ya familia. Ile ya familia msiikope kwenye simu, kwa sababu riba yake haifanani kabisa na ya HELB. Na akipewa mkopo wa kujikimu, achukue anaohitaji muhula huo. Leo jioni mpige ile hesabu ya marejesho kwa deni lake mwenyewe, kisha yeye ndiye aamue.