Jinsi ya kuipanga "get" mezani: mafungu sita na kadi moja ya mtego

Habari zenu watazamaji, karibuni tena mezani kwangu. Leo tuna kitenzi kimoja tu cha Kiingereza, get. Herufi tatu. Ukikifungulia kamusi kubwa unakuta safu baada ya safu za maana, na wanafunzi wengi hufunga kamusi palepale na kuamua kwamba get ni "pata", basi, yaishe. Haiishi. Ila pia hakuna haja ya kukariri zile safu. Tutaipanga kwa kadi.

Vifaa ni karatasi ngumu kidogo, mkasi na kalamu ya risasi. Kata kadi za ukubwa wa kiganja, thelathini hivi zinatosha. Kukata sionyeshi, mnajua. Mimi hizi zangu nazichapisha na kuziuza, kiungo kipo chini ya video, lakini za kujikatia mwenyewe zinafanya kazi ileile, tena zinakaa kichwani zaidi kwa sababu umeziandika kwa mkono wako. Ndiyo, biashara yangu naiharibu mwenyewe.

Hatua ya kwanza: kila kadi iwe na sentensi nzima. Usiandike get peke yake halafu nyuma yake ukajaza maana kumi. Andika kama hii... subirini, mwanga unapiga kwenye karatasi, hamwoni kitu. Nisogeze taa. Sasa? Haya. She got angry. Nyingine, We got home late. Nyingine, Get me some water. Chukua sentensi ulizosikia au kusoma kweli, usizitunge mwenyewe, maana ukizitunga utatunga zile ambazo tayari unazijua.

Hatua ya pili, na hapa naomba msimame nami. Kabla hujatazama kilicho mbele ya get, tazama kilicho nyuma yake. Je, kuna have au has? Na mara nyingi haiandikwi yote, inabaki kialama na herufi mbili, 've, au herufi moja tu, 's. Nasogeza kamera mwone. I've got two sisters. Kile kidudu hapo katikati, kinaonekana? Kamera inataka kulenga kidole changu badala ya maandishi... hapo. Sentensi hiyo haisemi kwamba jana alipata dada wawili. Inasema ana dada wawili, sasa hivi. Kidudu kikiwepo, sentensi kwa kawaida iko kwenye wakati uliopo na maana yake ni kuwa na kitu. I've got a headache, kichwa kinaniuma. She's got a car, ana gari. Kiondoe useme I got a car, umesema nilipata gari. Kadi zenye kidudu zitenge kabisa, ziweke pembeni, zisiingie kwenye mafungu.

Ukiwa na shaka, ijaribu sentensi kwa kuongeza yesterday mwishoni. I got a car yesterday inakubali. I've got a car yesterday inakataa. Kipimo hiki nakipenda kuliko kanuni yoyote ya sarufi.

Mmarekani ana njia yake ya kutenganisha: I've gotten a new job, amepata kazi mpya, na I've got a job, ana kazi. Mwingereza wa leo hutumia got kwa yote mawili, kwa hiyo kwake inabidi usome sentensi za jirani. Na ndiyo, Wamarekani wengi wakiongea hukimeza kidudu, wanasema I got two sisters. Kwenye maandishi ya kazini au ya mtihani usiwaige.

Hatua ya tatu ndiyo mafungu yenyewe. Sasa tunatazama mbele ya get. Swali ni moja tu kwa kila kadi: neno linalofuata ni la aina gani?

Fungu la kwanza, nomino. Get a letter, get the joke, get the flu, get the bus. Hapa "pata" inakusaidia kwa sehemu kubwa, kisha nomino yenyewe inakuambia umalizie vipi: umepokea barua, umeelewa utani, umeshikwa na mafua, umepanda basi. Kiswahili nacho kina tabia hiihii, si mtu akikuelekeza jambo kwa simu unamjibu "nimekupata"? Basi hapo hamna jipya. Kitu kimoja tu: kukiwa na mtu katikati, Get me some water, ni "niletee". Get me a doctor, "niitie daktari". Twende.

Fungu la pili, kivumishi, na hili ndilo fungu ninalolipenda. Get tired, get wet, get old, get angry, get drunk, get fat. Sasa angalieni, nazipanga huku kushoto Kiingereza, kulia Kiswahili. Choka. Lowa. Zeeka. Kasirika. Lewa. Nenepa. Kiingereza kinatumia maneno mawili, sisi tuna kitenzi kimoja kilichokamilika. Ndiyo maana anayetafsiri neno kwa neno huandika "alipata hasira" hata pale ambapo "alikasirika" ingetosha, au vibaya zaidi, "alikuwa mzee" akitaka kusema alizeeka. Dawa: ukiona get na kivumishi, usitafute tafsiri ya get. Tafuta kitenzi cha Kiswahili kilichomeza yote mawili. Get used to, zoea. Get well, pona. It's getting dark, giza linaingia. It's getting cold, baridi inazidi.

Lo, feni imepeperusha lundo. Samahani. Hii ilikuwa ya ngapi... si kitu, tutaipanga upya.

Kwenye fungu hilihili la pili naweka kadi zinazofanana nalo kwa sura: get paid, get fired, get caught. Kwetu hizi ni kauli ya kutendwa: lipwa, fukuzwa, kamatwa. Kwa nini wasitumie be tu? Wakati mwingine wanatumia, lakini get inasisitiza tukio lenyewe. They are married, wameoana, ndivyo walivyo. They got married, walioana, ndoa ilifungwa. The window was broken inaweza kumaanisha dirisha lilikuwa bovu tangu zamani, au lilivunjwa. The window got broken ni kwamba kuna jambo lilitokea likavunjika. Pia get ina harufu ya mazungumzo. Kwenye barua rasmi andika was dismissed, achana na got fired.

Kadi ya kuchekesha: get lost. They got lost, walipotea njia. Lakini Get lost! peke yake, na alama ya mshangao, ni tusi, toka hapa. Nasi husema "potelea mbali", kwa hiyo hamtashangaa.

Fungu la tatu, mahali. Get to the airport, get to school, yaani fika. Ila home, here na there hazitaki to. Get home. Get there. Ukisema get to home, msikilizaji ataelewa, lakini atajua umejifunzia wapi. Basi, fungu hili limeisha.

Fungu la nne: mtu, kisha to, kisha kitenzi. I got him to sign. Nilimfanya asaini, nilimshawishi, nilihangaika naye mpaka akasaini. Hiyo to ni ya lazima. Kwa make haiji, I made him sign. Kwa get inakuja.

Fungu la tano linafanana na la nne kwa mbali, kwa hiyo naziweka kadi mbili sambamba. I got him to repair my shoes. I got my shoes repaired. Ya kwanza ina mtu, ya pili ina kitu, na kitenzi kimebadilika umbo. Kwa Kiswahili ya pili ni "nilitengenezewa viatu". Oneni kile kiungo, -ewa. Kiswahili kina kauli ya kutendea ikiunganishwa na kutendwa, na mara nyingi fungu la tano linaangukia hapo: I got a suit made, nilishonewa suti. I got my phone stolen, niliibiwa simu. Ukisikia -iwa au -ewa kichwani mwako, mkono uende kwenye fungu la tano.

Ugumu ni kwamba sisi wenyewe hatusemi hivyo kila mara. Mtu ametoka kinyozi anasema "nimekata nywele", na kila mtu anaelewa kwamba hakushika mkasi mwenyewe. Ukiipeleka hivyohivyo, I cut my hair, Mwingereza atakutazama kichwani kwa wasiwasi. I got my hair cut. Kitu katikati, kitenzi mwisho. Tena: kitu katikati, kitenzi mwisho.

Na kabla hatujaenda, rudini nyuma mkague kile kidudu. I've got my shoes repaired bado ni fungu la tano, kwa sababu kuna repaired mwishoni, ni "nimetengenezewa". I've got my shoes, ikaishia hapo, ni "viatu vyangu ninavyo". Ndiyo maana nasema kagua nyuma, halafu soma mpaka mwisho.

Fungu la sita, vijineno: up, on, off, in, over, by, away, through, along. Hapa hakuna ujanja, get na kijineno chake ni kitenzi kimoja kipya, kiandikie kadi yake. Get up, amka au inuka. Get by, kujikimu kwa kidogo ulichonacho. Get along with, kuelewana na mtu. Get away with, kufanya kosa na usiadhibiwe. Get over, kupona, au kusahau aliyekuacha. What are you getting at? Unataka kusema nini hasa? Swali hilo la mwisho mara nyingi lina ukali, kwa hiyo usimwulize bosi.

Get on na get in zinasumbua kwenye vyombo vya usafiri. Basi, treni, ndege, meli: get on, na kushuka ni get off. Gari dogo na teksi: get in, na kutoka ni get out of. Njia rahisi ya kukumbuka: ukiweza kusimama na kutembea ndani yake, on. Ukilazimika kuinama ukae, in.

Imebaki kadi ya mtego. Naiweka peke yake katikati ya meza. I got to meet her. Si mahali, maana meet ni kitenzi. Si fungu la nne, hakuna mtu kati ya got na to. Isomeni kwa Kiswahili chetu cha kila siku: "nilipata kukutana naye". Ni fursa. Sasa nachukua kalamu, naongeza kidudu. I've got to meet her. Lazima nikutane naye. Herufi mbili tu, na umehama kutoka bahati hadi wajibu. Kwenye mazungumzo ya haraka utasikia gotta, nayo kwa kawaida ni ile ya lazima.

Wanaoipenda hesabu watauliza kama get ndiyo bingwa wa maana nyingi. Hapana. Katika Kamusi ya Kiingereza ya Oxford, toleo la 1989, set ndiyo iliyokuwa na maelezo marefu kuliko yote. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba run, kama kitenzi, imefikia maana 645, baada ya mhariri Peter Gilliver kuifanyia kazi kwa miezi tisa. Run tutaipanga siku nyingine, nikishapata meza kubwa zaidi.

Kadi zako changanya kama karata, panga upya kesho bila kutazama Kiswahili. Zile zilizokushinda zifunge kwa mpira pembeni, ndizo za kuanza nazo kesho kutwa. Na zile za kidudu, tafadhali, zitoe kwanza.