Kabla hamjauza mikorosho kwa ajili ya sindano

Shikamooni wazee wangu, habari zenu ndugu zangu wa Lindi na Mtwara. Niko Tokyo. Leo namjibu dada yangu wa Mchinga aliyeniandikia kuhusu kaka yake, mkwezi, aliyedondoka kwenye mnazi mwaka jana. Uti wa mgongo uliumia, miguu haina nguvu. Sasa ukoo unataka kuuza mikorosho apelekwe nje akachomwe sindano ya seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine.

Dada, nawaomba msiuze kwanza.

Hapa Japani kweli kuna jambo kubwa. Chuo Kikuu cha Keio kiliwapandikizia wagonjwa 4 seli zilizotokana na ugunduzi wa Shinya Yamanaka, mshindi wa Nobel wa 2012, wa kuzirudisha seli za kawaida za mwili ziwe seli shina. Kila mmoja aliwekewa seli milioni 2, palepale penye jeraha. Matokeo yalitangazwa Machi 2025: wawili walipata nafuu, na mmoja wao alisimama mwenyewe akaanza kujifunza kutembea. Nilifurahi mno! Lakini wale walipandikizwa wiki 2 hadi 4 tu baada ya kuumia, kisha wakafanyishwa mazoezi. Kaka yetu muda huo umeshampita.

Na mazoezi yenyewe si nyongeza. Seli ngeni ikitua kwenye uti haijui iungane na ipi. Mguu ukipigishwa hatua kila siku, hata kwa kushikiliwa, taarifa hupanda na kushuka kwenye neva (mishipa ya fahamu), na njia inayotumika ndiyo inayoimarika. Watafiti wa Keio walijaribu kwa panya walioumia kitambo: seli pamoja na mazoezi ya kutembezwa kwenye mashine vilileta nafuu kubwa kuliko seli peke yake.

Goti lililokakamaa halitasaidiwa na seli yoyote. Kwa hiyo mgeuzeni kila baada ya saa 2, usiku pia, asipate vidonda. Mnyoosheni nyayo na magoti. Mchimbieni fito mbili uani, ashike ajifunze kusimama, lakini kwanza nendeni hospitali ya Sokoine hapo Lindi, au Ligula kwa walio Mtwara, muulizie mtaalamu wa mazoezi tiba awaelekeze. Nauli hiyo haiuzishi shamba.

Na hao wanaowauzia sindano wakiwapigia simu tena, waulizeni: seli zinatoka wapi? Ni majaribio au tiba iliyoidhinishwa, na nani kaidhinisha? Baada ya sindano, nani atamfanyisha mazoezi, kwa miezi mingapi? Wakianza kuzungumzia malipo ya awali, kateni simu.