Lami ya Zamani si Kifusi

Kipande hiki cha lami kimekwanguliwa barabarani hapa hapa Dar es Salaam, na wenzake wamepakiwa kwenye tipa kwenda kujazia kiwanja cha mtu. Kipitisheni mkono kwa mkono, mkitazame pale kilipovunjika. Hizo mnazoziona ni kokoto, na kokoto haizeeki kwa jua. Katika kilo 100 za lami ya barabara, takribani 95 ni kokoto na mchanga. Bitumini, ile gundi nyeusi, ni kilo 5 hivi. Iliyozeeka ni gundi. Jua na hewa vimeinyang'anya mafuta yake mepesi, ikakakamaa, barabara ikaanza kupasuka. Na hata hiyo gundi hulainika tena ikichanganywa na bitumini laini! Sisi tunamwaga vyote, kisha tunatuma tipa kwenye machimbo ya Lugoba, zaidi ya kilomita 100, kufuata mawe yale yale, na bitumini tunaiagiza nje kwa dola. Nimelisema hili kwenye vikao vingi na sitachoka kulisema.

Najua yupo mhandisi humu anayetaka kuniambia lami iliyorudiwa, yaani ya zamani iliyochanganywa upya na kuwekwa tena barabarani, ni dhaifu. Ndugu yangu, Marekani waliishupalia baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, na leo wanarudia makumi ya mamilioni ya tani kila mwaka, hata kwenye barabara kuu. Udhaifu unakuja mkiichanganya bila kuipima maabara, au mkiiweka kwenye moto wenyewe ikaungua. Zinazopashwa moto mkali ni kokoto mpya; hizo ndizo zinaipasha ile ya zamani ndani ya mtambo.

Halafu kuna suala la kimo. Tukizidi kumwaga tabaka juu ya tabaka, barabara inapanda, maduka ya pembeni yanabaki bondeni, masika maji yanaingia ndani. Ukikwangua sentimita 5 ukarudisha sentimita 5, hayo hayatokei.

Muda umenibana, njia ya baridi, yaani kuirudia lami bila kuipasha moto, siigusi leo. Mitaro, neno moja tu: msingi ukishalowa, hakuna lami itakayodumu juu yake, iwe mpya au ya kurudiwa. Zibueni kwanza.

Ninyi wa halmashauri, nawaomba kwenye mkataba wa ukarabati muandike kwamba lami iliyokwanguliwa ni mali ya halmashauri, ipimwe kwenye mizani, ihifadhiwe chini ya paa, maana ikilowa mtachoma mafuta mengi kuikausha. Bila kifungu hicho mkandarasi ataimwaga popote, na hamtakuwa na la kumdai.