Nguvu ya Ndimu na Mipaka Yake
(Mhadhara uliotolewa Mkunguni, Lamu)

Assalamu alaikum, wazee wangu, mama zangu na vijana.

Hapa Amu samaki haingii chunguni bila kukamuliwa ndimu. Tunasema ni ya kukata shombo, na ni kweli: asidi ya sitriki huishika ile kemikali inayonuka. Lakini asidi hiyohiyo hufanya kazi kubwa zaidi. Kipindupindu kilipoingia Guinea-Bissau mwaka 1994, watafiti waliona kwamba waliokula wali kwa mchuzi uliotiwa ndimu waliugua kwa uchache kuliko wenzao. Bakteria wa kipindupindu hastahimili uchachu. Nalisema hili kwa uzito, maana sisi ni watu wa visima.

Mwaka 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walitia mililita 30 za maji ya ndimu katika lita 2 za maji, wakaianika chupa juani. Kwa nusu saa bakteria wa kinyesi walipungua mno. Virusi vya jamii ya noro, vile vya kuhara na kutapika, havikupungua kwa kiasi cha kutegemewa. Basi mwenye kuni na achemshe.

Sasa tutazame ganda, ambalo wengi wetu hulitupa. Likunje karibu na taa, utaona mvuke mwembamba ukiruka: hayo ni mafuta, yenye limonene kwa wingi, kemikali yenye harufu. Maabara huyapima hivi: bakteria hupandwa kwenye sahani, katikati huwekwa kikaratasi cha duara kilicholowa mafuta, kesho yake hutazamwa. Pale dawa ilipofika hawaoti, pamebaki peupe. Mafuta hupenya utando wa bakteria, yaliyomo ndani yakavuja. Bakteria wa majipu hudhurika upesi; wale wa tumboni wengi wana utando wa pili wa nje, nao huwakinga.

Majani ya mlimau na mdanzi yana mafuta pia, ila kidogo. Na mafuta hayayeyuki majini. Ukiyachemsha majani sufuria wazi, yale mazuri yanaondoka na mvuke, unabaki na maji machungu. Ndiyo maana anayejifukiza hujifunika shuka, na ndiyo maana dondoo, yaani dawa iliyotolewa kwenye jani, ya spiriti na ya maji za jani moja hutoa majibu tofauti sahanini.

Lakini sahani si mwili. Mafuta yaliyoshinda pale, ukiyanywa, huchanganyika na damu na chakula hadi nguvu ikapotea. Mwenye homa apelekwe hospitali, tafadhalini.

Na jipu msilipake ndimu. Maji yake, na hasa ganda, yana kemikali inayowaka ikipigwa na jua: ngozi hubabuka, hutoa malengelenge, doa jeusi hukaa wiki kadhaa. Mvuvi aliyekamua ndimu asubuhi anawe mikono kwa sabuni, hadi viwikoni, kabla ya kupanda mashua.