Sisi Gani? Maneno Kuhusu Paraguay

Mwenyekiti, wazee wetu shikamooni. Wengine, habari za jioni.

Nimepewa dakika arobaini nieleze nchi ya Paraguay na watu wake. Ramani mtaitazama wenyewe kwenye simu. Mtaikuta imebanwa kati ya Brazil, Argentina na Bolivia, haina hata hatua moja ya pwani, na bado ina jeshi la wanamaji. Msicheke. Wana mto. Mto Paraguay unaikata nchi vipande viwili, unaingia Paraná, na kwa njia hiyo soya yao inafika baharini. Magharibi ya mto ni Chaco: joto, miiba na ng'ombe. Ni zaidi ya nusu ya ardhi yote, lakini wakazi wake hawafiki hata watatu katika kila mia. Sensa ya 2022 ilihesabu watu kama milioni 6.1 nchi nzima, yaani wanaizidi Dar es Salaam kidogo tu. Jiografia imekwisha.

Wanaonijua wameshajua ninakoelekea. Ndiyo, ni lugha. Vumilieni.

Huko Paraguay watu wengi, wawe wa mjini au wa shamba, wanasema Kiguarani. Katiba yao ya 1992 imekitambua kuwa lugha rasmi sawa na Kihispania. Hata pesa yao inaitwa guarani. Najua kuna mtu hapa anajisemea, "Bila shaka, ni wenyeji asilia, wanasema lugha yao." Hapana! Wanaojihesabu wenyeji asilia ni kama wawili tu katika kila mia, nao ni makabila 19, mengine lugha zao hazina undugu wowote na Kiguarani. Wanaobaki ni machotara, wajukuu wa Wahispania, Waitalia, Wajerumani. Utamkuta mtu ana jina la Kihispania, nywele rangi ya mchanga, na anamgombeza mbuzi wake kwa Kiguarani. Kwa hiyo ule wimbo wetu wa "sisi tuna makabila mengi, wenzetu ni wamoja" naomba tuuweke kabatini.

Sasa nisikilizeni kwenye hili, maana ndilo lililonileta. Kiguarani kina "sisi" mbili. Ya kwanza ni *ñande*, ile ñ isomeni kama ny ya nyumba. Maana yake ni sisi sote, na wewe unayenisikiliza umo. Ya pili ni *ore*: sisi, lakini wewe humo. Wala haiishii kwenye neno moja, imeingia mpaka kwenye kitenzi. Sisi tunasema ninatembea, unatembea, anatembea. Wao *aguata, reguata, oguata*. Viambishi mbele, kama sisi, mpaka unajisikia uko nyumbani. Ila ukifika kwenye "tunatembea" lazima uchague. *Jaguata*, tunatembea na wewe. *Roguata*, tunatembea, wewe baki hapo.

Fikirieni jukwaani. Mheshimiwa anasimama anasema, "Ndugu wananchi, tufunge mikanda." Sawa. Mwezi ujao anasema, "Tumepiga hatua kubwa." Kwa Kiswahili "tu" ni ile ile, na sisi tunapiga makofi. Kwa Kiguarani ulimi wake ungemuumbua. Kwenye mikanda angetumia *ja-*, sote tumo. Kwenye hatua kubwa ingembidi aseme *ro-*. Mmecheka, lakini mmeelewa.

Hata kwenye sala imo. Baba Yetu ya Kiguarani huanza *Ore Ru*. Kwa nini si *Ñande Ru*? Kwa sababu unayesema naye ni Mungu mwenyewe. Ukimwambia "baba yetu sote, na wewe umo", umemfanya Mungu kuwa baba yake mwenyewe. Lugha inayokulazimisha kufikiri hivyo kabla hujafika "uliye mbinguni", halafu mtu anaiita lugha ya washamba?

Na waliiita hivyo. Kihispania wenyewe wanakiita *karaiñe'ẽ*, lugha ya mabwana. Tafsiri hiyo hamhitaji mkalimani. Kiguarani ni *avañe'ẽ*, lugha ya watu. Baada ya vita vya 1864 hadi 1870, Paraguay peke yake dhidi ya Brazil, Argentina na Uruguay, vita vilivyokomba wanaume wazima wengi mno, waliobaki kulea nchi walikuwa wanawake, na wanawake walilea kwa Kiguarani. Serikali zilizofuata zikakifukuza shuleni. Watoto wakachapwa kwa lugha ya mama zao. Mimi nimewahi kuvishwa kibao shingoni, shule siitaji, kwa sababu nilimwomba mwenzangu kalamu kwa Kiswahili. Kalamu! Nilitembea nacho siku nzima kama mbuzi wa mnada. Niliposoma habari za watoto wa Paraguay sikuhitaji maelezo.

Sasa tazameni unafiki wa serikali. Mwaka 1932 vita vingine, na Bolivia, kugombea Chaco. Mara lugha ya washamba ikawa dawa: ujumbe wa jeshi ukapelekwa kwa Kiguarani, adui asiambulie kitu. Mwaka 1935 ulipofika, vita vimekwisha, lugha ikarudishwa jikoni.

Ninyi mtasema nawapamba. Siwapambi. Hukumu mahakamani bado kwa sehemu kubwa inaandikwa kwa Kihispania. Na shuleni walifanya kosa tunalolijua: wakatunga maneno safi kabisa, mtoto akirudi nyumbani bibi yake haelewi. Sisi tuna "tarakilishi". Nani hapa amewahi kupeleka tarakilishi kwa fundi? Watu wa mtaani wanasema *jopara*, Kiguarani kilichochanganywa na Kihispania. Na jopara ni chakula pia, maharage na mahindi ndani ya sufuria moja, kinapikwa tarehe 1 Oktoba kufukuza njaa ya mwaka. Ni makande, jamani. Wameipa lugha ya mitaani jina la makande, na wasomi wakanuna. Mimi namwunga mkono mpishi.

Kwa chakula: muhogo wanakula karibu kila mlo, na ndio wakubwa zetu kwa muhogo, maana ulitoka Amerika Kusini ukaletwa Afrika na Wareno. Neno "nanasi" nalo asili yake ni Kitupi, lugha dada ya Kiguarani. Na wana kitu kinaitwa sopa paraguaya, yaani supu ya Paraguay. Usichukue kijiko. Ni mkate wa mahindi na jibini, unakatwa kwa kisu.

Naona Mwenyekiti ameinua saa yake. Nilitaka kusema kuhusu bwawa la Itaipú, megawati 14,000, nusu ya umeme ni wa Paraguay, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya nusu hiyo iliuzwa Brazil. Kuhusu Francia, dikteta aliyewakataza Wazungu kuoana wenyewe kwa wenyewe mwaka 1814. Kuhusu Stroessner, dikteta mwingine, na miaka yake 35 madarakani. Kuhusu Wamenoni wa Chaco, walowezi wa dhehebu la Kikristo, nilikuwa na ukurasa mzima. Basi, dakika zangu nimezila zote kwa *ñande* na *ore*, na sijuti.

Maswali. Nimeuona mkono wako, dada wa pale nyuma. Karibu. Ila ukianza na "sisi tunaonaje", tuambie kwanza mimi nimo au simo.